Kabla ya Kusema Basi

Zawadi ya baba ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, ile ya kaki, na alikuwa ameigeuza ili upande wenye maandishi ukae ndani. Niliona hilo kabla hata sijaigusa. Mtu anayefunga kitu ilimradi kimefungwa hahangaiki kugeuza karatasi.

Ilikuwa Krismasi, tumetoka kanisani, nyumbani kwetu Kilosa. Mama alikuwa ameshanipa kitenge, na mdogo wangu alinipa soksi ambazo nina hakika yeye ndiye aliyenunuliwa zikambana. Baba akaninyooshea kifurushi, akasema, "Hii yako, mama," halafu akatoka kwenda kuwatilia kuku maji. Kuku walikuwa na maji. Nilikuwa nimewatilia mwenyewe.

Ndani mlikuwa na bonge la kamba ya katani. Ile nyembamba, rangi ya majani makavu, ya kushonea midomo ya magunia ya mahindi. Bonge kubwa kama kichwa cha mtoto, limekazwa vizuri, linanuka ghala.

"Sema asante," mama akaniambia, kana kwamba nipo chekechea.

"Asante baba," nikasema kuelekea mlangoni.

"Haya," ikajibu sauti kutoka bandani.

Hiyo "haya" ina historia. Nilipomaliza chuo, shahada ya utawala wa umma, nilirudi Kilosa kusubiri ajira, na nilirudi nikiwa najua kufuma. Mwenzangu wa hosteli ndiye aliyenifundisha, kwa sababu alichoka kuniona nikitafuna kucha kila mtihani ulipokaribia. Siku ya kwanza baba aliponikuta barazani na uzi mapajani alisimama, akatazama, akauliza, "Unafuma?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Akasema, "Haya," akaingia ndani. Haikuwa haya ya kukasirika, wala haikuwa haya ya kufurahi. Niliibeba ile haya kwa miezi. Nikiwa nafua naisikia imevutwa mwishoni, nikiwa nalala naisikia imekatwa ghafla. Baadaye shangazi akaniita Mikumi nimsaidie kwenye nyumba yake ya wageni kando ya barabara kuu. Nikaenda na sindano zangu za kufumia, na baba hakuwahi kutamka neno jingine juu ya kufuma. Mpaka ilipokuja kamba hii.

Sasa kamba ilikuwa inasema nini? Babu, mzaa baba, aliletwa Kilosa na kazi ya mkonge. Baba amekulia kwenye kambi za shamba, na alituambia tangu tukiwa wadogo kwamba viganja vya babu vilikuwa vinakwaruza ukimwamkia. Pengine alikuwa ananikumbusha: babu yako alishika katani ili wewe ushike kalamu, nawe umerudi kwenye nyuzi. Pengine alikuwa anasema kama ni kufuma, nifume kitu chenye maana, gunia kwa mfano. Au ulikuwa utani. Lakini baba hutania kwa maneno, tena kwa nadra. Kwa vitu hatanii. Nilichotaka kujua kilikuwa kimoja tu, kwamba baba akinitazama siku hizi anamwona nani: mtoto aliyemwangusha, au mtoto wake yule yule ambaye sasa anafuma.

Ningeweza kumuuliza. Watu wengi wangeuliza pale pale, huku wanakunywa chai. Lakini ukiuliza unajibiwa, na mimi sikuwa tayari kujibiwa.

Nikapanda gari la Mikumi na bonge mapajani. Tulipita Masanze, tukapita kijiji cha Ulaya, na njia nzima nyuzi zake zinanichoma kupitia sketi. Mama niliyekaa naye akaniuliza kama nakwenda kuvuna. Nikamwambia hapana, hii ni zawadi ya Krismasi. Akaniangalia kwa huruma, akanipa ndizi.

Mikumi tuko wafumaji wanne. Hatuna uongozi wala sare. Tunakutana kwa bibi mmoja, mkunga mstaafu, nyumba yake iko nyuma ya maegesho ya malori. Yeye ni Mwislamu, ila watoto aliowazalisha wamekuwa watu wazima, na wengi wao kila Krismasi wanamletea uzi. "Wananipa kwenye sikukuu yao," anasema, "mimi nawalisha ubwabwa kwenye yangu." Wa pili ni dada wa saluni, msusi, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi kuliko vidole. Wa tatu ni dereva wa lori la mizigo. Alijifunza kufuma akiwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma, kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa anauza vitambaa, na sasa hufuma vifuniko vya usukani na makoti ya chupa za chai. Madereva wenzake walimcheka mpaka siku walipoanza kumwagiza.

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi, tunafanya kitu tunachokiita kumwaga. Zawadi yoyote ya kufumia uliyopata unaimwaga mkekani. Lazima useme nani amekupa, na unadhani kwa nini amekupa. Kisha unagawa, na namna ya kugawa ni hii: mwenye bonge analipakata, ameshika ncha ya ndani kwa kidole. Mwenzake anashika ncha ya nje na kuanza kukunja, kiganja hadi kiwiko, kiganja hadi kiwiko. Hakuna anayepima. Anakunja mpaka mwenye bonge aseme "basi." Akishasema, bibi anakata kwa mkasi wake, kisha zamu inakwenda kwa mwingine. Mkasi mwingine hautumiki, na bibi hakati kabla hajasikia neno. Uzi ambao haujakatwa, anasema bibi, haujahama kwa mwenyewe.

Tangu nijiunge nao napenda kutazama jinsi kila mtu anavyosema basi yake. Dada wa saluni huisema mapema, huku anacheka ili usione kwamba ni mapema. Dereva hufumba macho na kuisema bila kuangalia kilichobaki. Bibi hakuharakishi kabisa. Anakuacha ukunje mpaka mwenyewe uone haya na mkono uanze kwenda taratibu. Mimi? Mimi huwa nahesabu kile ninachohisi wenzangu wanahesabu. Nikisema sasa nitaonekana mchoyo, nikichelewa nitaonekana najionyesha. Mwaka uliotangulia nilitoka jasho kwa ajili ya bonge moja la uzi wa waridi.

Safari hii nilifikiria kuiacha kamba chumbani. Nilijiuliza kama kamba ya magunia inahesabiwa kuwa uzi. Lakini nilitaka kuwasikia. Hawa ni watu ambao kazi yao siku ile ni kusema kwa nini mtu amepewa kitu, na mimi nilikuwa na kitu ambacho kilihitaji kusemewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na nini hicho, mzinga wa nyuki?"

Nikafungua mfuko, nikalitoa bonge. Dada wa saluni akaweka kikombe chini.

"Nani kakupa?" bibi akauliza.

"Baba."

"Baba mzazi?" dada akadakia. "Afadhali wewe. Mimi wangu kanipa ushauri."

Walipomaliza kucheka bibi akanigeukia. "Na kwa nini kakupa?"

"Sijui, bibi."

"Sijui siyo jibu la mkeka huu."

"Msomi, mbona iko wazi," dereva akasema. Huniita msomi tangu siku aliposikia nina shahada. "Mzee anakwambia ukashone magunia. Mavuno yanakuja."

"Mwache mwenzio!" dada akasema. "Anataka amfunge asirudi tena Mikumi. Baba gani anapenda binti yake akae na ninyi watu wa malori?"

"Na watu wa saluni je?"

"Sisi tunanukia, kaka. Msitufananishe."

Bibi hakuwa anawasikiliza. Alilichukua bonge, akalinusa, akavuta kipande na kukipitisha katikati ya vidole. "Katani nzuri," akasema. "Sasa niambie. Baba yako aliichagua, au aliiokota?"

Swali hilo liliniingia. Akanirudishia bonge, nikalipakata, nikajizungushia ncha ya ndani kidoleni. Dereva, ambaye ndiye alikuwa wa kwanza kwa zamu, akashika ncha ya nje na kuanza kukunja.

Aliichagua au aliiokota? Kama aliiokota, kwa maana ya kuikuta stoo ikiwa imebaki ya mwaka jana, kwa nini ilikuwa mpya hivi? Kama aliichagua, alisimama dukani akiwa na sura gani? Alimwambia mwenye duka ni ya nini? Nikamwona baba anatoa senti zake mfukoni huku anatabasamu kwa uchungu. Nikamwona tena hatabasamu. Nikaikumbuka karatasi ya saruji, ikanijia picha ya mikono yake inaigeuza, inaikunja pembe, na nikajaribu kuiona sura yake wakati huo lakini picha ilikuwa inakatikia shingoni. Bonge lilikuwa linarukaruka mapajani. Nakumbuka niliona kwamba linapungua, na kwa namna ambayo siwezi kuieleza nilidhani linapungua la mtu mwingine.

Kidole changu kikavutwa.

Nikainua macho. Mkono wa dereva ulikuwa umevimba kwa kamba kuanzia kiganja hadi kiwiko, kama mtu aliyefungwa bandeji. Kati yetu palikuwa na kipande kimoja tu kilichonyooka, kutoka kwake hadi kidoleni kwangu.

"Msomi," akasema polepole, "mimi nasubiri neno."

Dada wa saluni aliangukia upande, akaupiga mkeka kwa kiganja. "Imekwisha yote! Jamani, imekwisha yote na hajasema!"

"Si ungeacha kukunja?" nikamwambia dereva.

"Niache vipi? Hujasema. Nikiacha kabla hujasema nitakuwa nimekudharau, nimekuona huna cha kutoa." Na alikuwa sahihi. Ndivyo tulivyokubaliana, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba siku moja atatokea mtu wa kukaa kimya mpaka mwisho.

Bibi alikuwa ameshika mkasi. Akautazama, akautazama na uso wangu, akauweka chini. "Hapa hakuna kilichokatwa," akasema. "Ncha moja iko kwake, ncha nyingine iko kidoleni kwako. Kamba ni yako, ila imelala kwa mwenzio."

"Na sisi wawili?" dada akauliza huku anafuta machozi ya kucheka.

"Sisi tutasubiri."

Dereva alikuwa anaondoka kesho yake kwenda Tunduma. Akasema kama naridhia, aende nayo, ataifuma njiani, hatakata hata kipande. Ningeweza kumwambia aikunjue. Kila mtu alikuwa ananingoja niseme hivyo. Lakini nilipoitazama kamba ya baba kwenye mkono wa mtu asiyeiogopa, nilishikwa na hamu ya kujua itakuwa nini huko inakokwenda. Nikakichomoa kidole.

Siku chache baadaye baba akapiga simu. Baba hapigi simu. Mama ndiye hupiga, na baba husikika kwa nyuma akisema salamu.

"Mlifika salama?"

"Nilifika salama, baba. Nilikuwa peke yangu."

"Ndiyo. Wewe na mzigo." Akakohoa. "Ile kitu inafaa?"

"Ile kamba?"

"Eeh."

"Inafaa, baba."

"Umetengeneza nini?"

Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, mbele ya ubao wa funguo za vyumba, na zawadi yake wakati huo ilikuwa ndani ya lori mahali fulani mbele ya Iringa. "Bado, baba," nikasema. "Nafikiria."

"Haya," akasema, akakata.

Hii nayo ilikuwa haya ya namna gani? Niliituliza kwa kazi. Nilitandika vitanda ambavyo vilikuwa vimetandikwa. Kuna nyuzi fupi za katani zilikuwa zimeganda kwenye sketi yangu tangu siku ya mkeka, nikazichomoa moja moja na kuzisokota zikawa kamba ya urefu wa kidole, nikaifunga kwenye ufunguo wangu. Ndiyo iliyokuwa yote niliyobaki nayo. Nilianza kuogopa kwamba lori litapata pancha, litapata mzigo wa nchi nyingine, na baba atapiga tena na kuniuliza tena. Mtu haulizi mara mbili kuhusu kitu alichokiokota. Kwa hiyo aliichagua. Na kama aliichagua, mimi nimeiachia iende Tunduma kwa sababu nilikuwa nafikiria kama aliichagua.

Dereva alirudi Januari ikiwa imekolea mvua. Alipiga honi mbele ya kwetu mpaka shangazi akatoka kumgombeza. Akashuka na kikapu.

Kilikuwa kipana, kizito, cha rangi ya majani makavu, na alipokiweka chini kilisimama chenyewe. Vidole vyake viwili vilikuwa na plasta.

"Baba yako hakukupa zawadi, alikupa adhabu," akasema. "Niliifuma kavu mpaka Makambako ikanichubua. Nikasema hii kamba ina kiburi. Nikaimwagia maji ya kunawia, ikatii. Ukiilowesha inakuwa kama uzi mwingine wowote. Shika."

Nikakishika. Mdomo haukuwa umefungwa, ule mzunguko wa mwisho wa ukingo. Tundu la mwisho lilikuwa limeachwa wazi, na kutoka hapo kamba iliyobaki, kibonge cha kama ngumi, ilikuwa imewekwa ndani ya kikapu bila kukatwa.

"Mdomo ni wa mwenyewe," akasema. "Mimi sikukata. Sasa niambie, mzee alisemaje? Kwa nini alikupa?"

"Sijamuuliza."

"Hujamuuliza!" Akamgeukia shangazi kutafuta shahidi. "Mimi nimekwenda Tunduma na kurudi najiuliza swali la mzee wa watu, hata sura yake siijui. Wewe una namba yake kwenye simu!"

Niliomba ruhusa kwa shangazi, nikaenda Kilosa.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hukusema unakuja."

Nikaweka kikapu mbele yake. Aliacha kisu, akakiinua, akakigeuza chini juu. Akaingiza ngumi ndani na kusukuma kitako, akavuta ukingo kwa mikono yote miwili. Akayaangalia matundu moja moja.

"Umefanya wewe?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Hapana, baba. Amefanya dereva wa lori." Nikamweleza yote: mkeka, kumwaga, kukunja, mkasi wa bibi, na jinsi nilivyosahau kusema basi. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Mwanaume?" akauliza mwishoni.

"Mwanaume, baba."

"Anafuma."

"Anafuma sana."

"Haya," akasema.

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Labda ni aibu ya kushindwa na dereva. "Baba, hiyo haya yako maana yake nini?"

Akaniangalia kama niliyemuuliza maana ya kikombe. "Haya ni haya."

"Na kamba? Ulinipa kamba ya magunia ukiwa na maana gani?"

Alirudisha macho kwenye kikapu, na nikaona kwamba anatafuta pa kuanzia.

"Nilikwenda kwanza kwenye duka la nyuzi," akasema. "Lile karibu na stendi. Yule binti akaniuliza, mzee, anayefuma anafuma nini? Maana kuna za sweta, kuna za vitambaa, kuna za nguo za watoto. Nikasimama pale. Mwanangu kafuma barazani kwangu muda wote ule, mimi napita na kurudi, na sijui anafuma nini. Nikamwambia binti nakuja. Sikurudi. Nikaenda kwa yule wa pembejeo, yeye haulizi maswali." Akakwangua kitu kisichokuwepo kwenye mpini. "Lakini nilichagua. Nililikunjua bonge lote pale kaunta nihakikishe halina fundo katikati. Mwenye duka alinuna."

Nilikuwa nimefikiria sababu nyingi, nyingine mpaka nilizipa mpangilio kichwani, ya kwanza hadi ya mwisho. Hii haikuwemo kabisa. Sikuwa nimefikiria kwamba baba anaweza kuwa hajui kitu, halafu akaogopa kuuliza.

"Kwa hiyo," akasema, bado haniangalii, "hivi unafuma nini hasa?"

Nikamwambia. Nilianza na vitambaa vya makochi, nikaenda kwenye mifuko, nikamwambia kuhusu kofia ya mtoto iliyonishinda na soksi ninayotaka kuijaribu. Kila nilipofikiri ametosheka aliuliza lingine. Sindano moja inatosha? Ukikosea unafumua yote? Nani anakwambia idadi? Nikatoa sindano mkobani nimwonyeshe kwa kufunga mdomo wa kikapu. Alitaka kujua kwa nini nainuka kwenda kuchukua maji. Nikamwambia kamba hii lazima ilowe. Akanyoosha mkono akavuta bakuli la maji ya kuku.

Akaishika kamba, anailowesha na kuniachia kidogo kidogo, mimi nafuma. Viganja vyake vilikuwa vinakwaruza kuliko katani.

"Hapo unaingizia mbele?"

"Nyuma, baba. Mbele inafunguka."

"Aa."

Mama akatokea mlangoni na ungo wa mchele. "Mnafanya nini ninyi?"

"Tunafunga mdomo," baba akasema.

Mama alisubiri maelezo zaidi, hakuyapata, akarudi ndani.

Nilipomaliza mzunguko wa mwisho, mkononi mwa baba kamba ilikuwa bado imebaki, si haba. Akaokota kile kisu cha kuchongea mpini, akakiweka juu ya kamba, karibu kabisa na kikapu.

"Nikate?"

Nikamfikiria bibi na mkasi wake, na dada wa saluni, ambao mpaka siku ile walikuwa hawajakunja hata mkunjo mmoja.

"Bado, baba," nikasema.

"Haya," akasema, akaweka kisu chini na kuanza kuikunja kamba iliyobaki, kiganja hadi kiwiko.